Uzi: Watafiti wa afya wanaokuja Mtwara na Lindi wakae nasi kabla dodoso halijaandikwa

MtuWaKitangari

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mikoa yetu miwili imetafitiwa sana. Vijana wengi hawajui kwamba virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko uliopiga uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953. Damu iliyochunguzwa ilikuwa ya babu na bibi zetu. Karne hii Taasisi ya Afya Ifakara imefanya kazi kubwa Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini: kinga ya malaria kwa watoto wachanga, huduma za uzazi, uhai wa mtoto katika siku zake za mwanzo. Sina ugomvi na utafiti. Wapo watoto walio hai leo kwa sababu mtu alikuja, akapima, akahesabu, akaandika.

Ninachogombea ni namna mwananchi anavyoingizwa kwenye kazi hiyo.

Tazameni safari ya utafiti kutoka juu hadi mlangoni kwako. Kibali cha maadili kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Barua inakwenda mkoani, inashuka halmashauri, inafika kwa mganga mkuu wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, halafu mwenyekiti wa kitongoji anaongozana na mdadisi hadi uani kwako. Siku hiyo swali limeshaandikwa, limeshatafsiriwa, limeshaingizwa kwenye kishikwambi. Kilichobaki ni wewe kusaini fomu ya ridhaa, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi. Kisha kwenye ripoti inaandikwa kwamba jamii ilishirikishwa. Kwa desturi zetu hiyo ni sawa na kumwita mjomba kwenye posa wakati mahari imeshalipwa.

Na kwa kuwa nimemtaja mjomba, nianze naye. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tunahesabu ukoo upande wa mama. Bibi akizidiwa na ukatakiwa uamuzi wa kumpeleka hospitali ya Ndanda au Ligula, simu ya kwanza mara nyingi inapigwa kwa mjomba, hata kama anaishi kata nyingine. Dodoso linauliza mkuu wa kaya ni nani, linaandika jina la mume, linasonga mbele. Mtu anayeamua hayumo. Bibi anayelea wajukuu wanne peke yake naye anaandikwa kama mtegemezi. Mtafiti akirudi ofisini anajiuliza kwa nini wagonjwa wanachelewa kufika hospitali, na jibu hatalipata kwenye takwimu zake kwa sababu hakuliuliza. Wazee wawili wa kijiji wangeliona pengo hilo kwa kusikiliza dodoso likisomwa mara moja.

Kingine ni maswali tunayojiuliza sisi wenyewe. Kuanzia mwezi wa tano mikorosho inapigwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Vumbi lake linaingia machoni, kifuani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo ya maji isiyofunikwa. Kila msimu watu wanaulizana: hii salfa inatufanya nini tukiivuta mwaka hadi mwaka? Mama mjamzito akae shambani au arudi kijijini? Akina mama wanaobangua korosho kwa mikono wanaungua vidole kwa mafuta makali ya ganda, na mtoto yuko mgongoni. Waambieni wanakijiji wa uwanda wapange maswali matatu ya afya wanayotaka yafanyiwe kazi, mtaona kama salfa itakosekana. Malaria na VVU vinaua na vitafitiwe, sipingi. Lakini na sisi tuna yetu.

La tatu, ambalo ndilo linaniuma zaidi, ni mrejesho. Cheti cha kibali cha utafiti kina masharti yake: ripoti ya maendeleo kila miezi 6 ipelekwe wizarani, NIMR, na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Vizuri. Ila kijiji hakimo kwenye orodha hiyo. Karatasi ikifika wilayani imefika mwisho, na makala inachapwa kwa Kiingereza kwenye jarida ambalo hata nesi wa zahanati halioni. Kijijini kwangu walikuja watu, sitawataja, wakachoma watoto vidole kuchukua damu na wakaahidi kurudi na majibu. Hawakurudi. Mwaka mwingine ilipokuja timu tofauti kabisa, yenye nia njema, akina mama waliwafungia watoto ndani na maneno ya mumiani yakaanza kuzunguka. Watu wa mjini wakasema Wamakonde hawana elimu. Hapana. Walikuwa wanakumbuka.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mtu mzima ni mjumbe, na unakaa kila baada ya miezi mitatu. Kwa nini matokeo ya utafiti yasiwe ajenda pale, kwa Kiswahili, mtafiti akiwa amesimama mbele yetu na kuulizwa? Na kwa nini mkutano huohuo usiulizwe kabla, wakati wazo bado ni wazo?

Naomba mchango wenu, hasa wauguzi, watu wa ustawi, na mliowahi kufanya kazi za udadisi.

NesiWaZamu

Mkuu, umegusa penyewe. Niongezee upande wa wataalamu, maana na sisi kwa sisi hatukai pamoja.

Mnakumbuka Julai 2022, ugonjwa ulipozuka Ruangwa. Watu wana homa, kichwa kinauma, wanatokwa damu puani, wamechoka hawawezi kusimama. Hofu ilikuwa kubwa, vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vikatoka hasi. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, ndiye aliyetangaza kuwa ni homa ya mgunda, wagonjwa 20 na vifo 3. Bakteria wake wanakaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, unachafua maji na udongo, mtu anapata akiwa na michubuko au akitumia maji hayo.

Sasa jiulizeni: jibu la ugonjwa kama huo liko wodini? Daktari anamwona mgonjwa. Wa mifugo anamjua mnyama. Afisa afya anajua kisima kipi kinaingiwa na maji ya mvua. Mkulima anajua mwaka gani panya wamezidi na ghala la nani limevamiwa. Ukimwondoa mmoja, unabaki na kipande. Wakati wa mlipuko wote wanaitwa meza moja. Mlipuko ukiisha kila mtu anarudi idarani kwake na dodoso lake, na mwanakijiji yuleyule anaulizwa na watu watatu kwa nyakati tatu kuhusu kisima kilekile.

Na mfano mzuri tunao hapahapa. Tandahimba kati ya 2011 na 2014 kulikuwa na mradi wa EQUIP. Wahudumu wa vituo na watu wa kujitolea wa vijijini waliunda timu za kuboresha huduma za mama na mtoto. Takwimu zilizokusanywa kwenye kaya za wilaya hiyohiyo zilirudishwa kwao kama kadi za taarifa, wakazisoma, wakachagua tatizo la kuanza nalo, wakajaribu suluhisho, wakapima tena. Hizo namba hazikungoja jarida. Zilirudi zikiwa bado moto, kwa watu walewale waliozitoa.

Mchambuzi_Masasi

Mkuu MtuWaKitangari nakuheshimu, ila niseme ninachokiamini. Utafiti una kanuni. Ukianza kuuliza kila mtu anataka nini, unaharibu sampuli, unaingiza siasa za kijiji, na mwisho mwenyekiti atapanga nani ahojiwe. Pia "wawakilishi wa jamii" siku zote ni walewale kumi, wale wanaokaa karibu na ofisi ya kijiji na kusikia posho kabla ya wengine. Masikini wa kitongoji cha mwisho hatafikiwa kwa njia hiyo. Tusidanganyane.

MtuWaKitangari

Mkuu Mchambuzi, asante kwa kusema wazi.

Sampuli ibaki kazi ya mtakwimu. Hakuna mwanakijiji anayetaka kuchagua kaya ipi iingie kwenye bahati nasibu, wala kubadili kipimo cha dawa. Tunachotaka kusikilizwa ni swali lenyewe, maneno yake, msimu wa kuuliza, nani aulizwe ndani ya familia, na majibu yana maana gani yakishapatikana. Hayo hayaharibu kanuni, yanaizuia kanuni isipime kitu ambacho hakipo.

Hilo la watu walewale kumi ni kweli tupu, na ndilo jambo gumu kuliko yote. Dawa yake si kuacha kushirikisha. Wachaguliwe kwa vitongoji, mkutano wa kitongoji wenyewe uchague, mwenyekiti asiingie. Awemo mwenye ulemavu, awemo mama aliyejifungulia nyumbani, awemo mzee anayeishi peke yake, awemo kijana wa bodaboda, maana huyo ndiye ambulansi yetu usiku. Na wabadilishwe, wasikae miaka kumi.

Mdadisi_Mstaafu

Nimefanya kazi ya kukusanya takwimu kwa miaka mingi, Lindi yote na Mtwara. Niwape vitu viwili nilivyoviona kwa macho.

Dodoso la lishe: orodha ya vyakula imeandaliwa mbali. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochimba, haimo. Mwezi wa njaa unafika nyumba ambayo imekula ming'oko siku nne mfululizo, unauliza "viazi mviringo?", hapana, "ndizi?", hapana, unajaza kwamba mtu huyu karibu hakula kitu. Au mdadisi mwenye huruma anaiweka kwenye "mizizi mingineyo" na mwenzake wa timu ya pili anaiacha. Takwimu zinatofautiana kati ya kijiji na kijiji na sababu ni sisi wadadisi wenyewe.

Msimu: bajeti ikitoka mwezi wa kumi, timu inaingia vijijini mwezi wa kumi. Watu wako kwenye mikorosho, wamehamia mashambani na watoto. Mlangoni unamkuta mgonjwa, mzee sana au mlevi. Unaandika "kaya haikupatikana", unakwenda nyumba inayofuata. Mtu yeyote wa Nanyamba angekuambia usije mwezi huo. Hakuna aliyemuuliza.

Tulikuwa tunayasema haya kwa wasimamizi wetu. Jibu: dodoso limeshapitishwa, kubadilisha neno moja kunahitaji kurudi kwenye kamati ya maadili. Na ni kweli kunahitaji! Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi, mazungumzo yawe kabla.

KusiniKwetu_Leeds

Salaam kutoka Uingereza, mimi ni mzaliwa wa Mtama, nasoma huku. Niseme kidogo wanavyofanya, siyo kwamba tuige kila kitu.

Hapa mfuko mkubwa wa serikali wa utafiti wa afya na huduma za jamii unaitwa NIHR, ulianzishwa 2006. Ukiomba fedha kwao, ndani ya fomu ya maombi kuna sehemu inayokutaka ueleze wananchi na wagonjwa wameshiriki vipi kuunda wazo lako na watashiriki vipi mbele ya safari. Kwa wao, kuhojiwa tu hakuhesabiki kuwa kushirikishwa. Aliyejibu dodoso ni mtafitiwa. Mshirika ni yule aliyekaa mezani wakati kazi inapangwa, na analipwa muda wake na nauli yake. Mwaka 2019 walitoa viwango sita vya kitaifa vya jambo hili, na kimojawapo kinahusu uongozi: mwananchi awe na sauti kwenye maamuzi.

Kuna pia James Lind Alliance, tangu 2004. Wanachukua ugonjwa mmoja, wanakusanya maswali kutoka kwa wagonjwa, wanaowauguza nyumbani, na matabibu, halafu wote wanakaa chumba kimoja wanayachuja hadi yabaki 10 ya kipaumbele. Mtafiti ambaye si mgonjwa, si mwuguzaji wala si tabibu hapigi kura. Swali la salfa lingepita hapo, nina hakika.

Ila msidhani huku kumenyooka. Malalamiko ya Mchambuzi wanayo pia: wanaokuja vikaoni ni wastaafu wenye elimu na muda, wahamiaji na masikini hawaonekani.

MzeeWaMnivata

Wanangu, msiseme jambo hili limetoka Uingereza. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja, kijitabu kimoja, kikundi cha watu chini ya mwembe. Takriban watu milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi vile. Tulisikiliza, tukajadiliana sisi wenyewe tatizo letu hapa ni nini, tukachimba vyoo. Mwalimu wa kikundi hakuwa daktari, alikuwa mwenzetu tu aliyefundishwa kidogo. Mwaka 1978 dunia ikakaa kwenye mkutano wa afya wa Alma-Ata ikaandika kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Sisi tulikuwa tumeshaanza.

Kilichotokea baadaye ni kwamba miradi ilikuja na magari, na mwenye gari akawa ndiye anayejua.

MtuWaKitangari

Shikamoo mzee. Hilo la Mtu ni Afya naomba siku moja ulifungulie uzi wake.

MamaChikongola

Mimi sina elimu kubwa ila nina swali. Mnasema mkutano mkuu wa kijiji. Mkutanoni wanawake tunakaa upande wetu, anayeongea ni mwanamume. Kuna mambo ya uzazi, ya unyago, ya mimba za watoto wa shule, nani atayasema pale mbele ya baba mkwe? Na nikisema, mume ananiuliza nyumbani. Mtafiti akija nikamweleza peke yangu ndani nina amani zaidi kuliko huo mkutano wenu.

AfisaUstawi_Kusini

Dada, swali lako ndilo lililonitoa mafichoni.

Mimi ni wa ustawi wa jamii. Sisi ndio tunaokutana na mzee mwenye miaka 80 ambaye kadi ya matibabu anayo ila dawa hazipo, mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyefichwa chumbani, binti wa miaka 15 mwenye mimba. Tafiti nyingi za afya huwa zinatupita. Watafiti wanaonana na mganga mkuu, wanaondoka. Halmashauri tuko divisheni moja, Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe, lakini kuwa kwenye ukurasa mmoja wa muundo si kufanya kazi pamoja. Daktari anamwandikia mgonjwa wa kiharusi arudi nyumbani, na nani anamgeuza kitandani huko nyumbani? Binti wa darasa la saba. Ameacha shule. Hilo ni swali la afya, la elimu na la ustawi kwa pamoja, na ukimwachia mtaalamu mmoja tu alitafiti utapata theluthi yake.

Kuhusu mkutano: mkutano mkuu unafaa kwa mambo ya jumla, kama kutoa mrejesho na kuchagua wawakilishi. Mambo ya ndani yana sehemu zake. Nyakanga, wale wanaoongoza unyago, wanajua ya huko, na wakiheshimiwa wanazungumza. Ukienda kwao na hotuba ya kuwalaumu wanafunga mdomo na wana haki. Vikoba ni mahali pazuri sana, akina mama wako wenyewe na kuna kuaminiana. Siku ya kliniki pia, ila si wakati mama amekaa juani saa tatu akisubiri chanjo. Kwa mabinti, wakae na dada waliowazidi miaka michache, mama zao wasiwepo.

Jambo moja nawasihi. Mwananchi anayekuwa mshirika wa utafiti kijijini atasikia siri za majirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023. Wawakilishi wafundishwe, na wasipewe kamwe majina ya waliopimwa. Nimeona familia ikivunjika kwa neno moja lililotoka kwenye kikao.

Mchambuzi_Masasi

Afisa, hapo kwenye siri ndipo hofu yangu ilipokuwa na umeijibu vizuri. Nabaki na moja: matokeo yakiwa mabaya je? Mradi umefanyika, umeonekana haukusaidia. Utasimama mkutanoni useme hivyo?

NesiWaZamu

Ndiyo mkuu, tena hapo ndipo panapohitajika zaidi.

Chukua utafiti wa INSIST, 2010 hadi 2013, wilaya 6 za Lindi na Mtwara. Akina mama wa kujitolea, kwenye mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, walimtembelea mjamzito nyumbani mara tatu na baada ya kujifungua mara mbili. Mambo kadhaa yalibadilika: wengi zaidi walinyonyesha ndani ya saa ya kwanza, usafi wakati wa kujifungua ukaongezeka. Lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu ya ziara hizo. Matokeo hayo yalichapwa hadharani kama yalivyo, na ni jambo la heshima.

Mama aliyetembea kwa miguu nyumba hadi nyumba anastahili kuambiwa yote mawili, tena ana la kuongeza. Muulize kwa nini mtoto aliyenyonya mapema bado alifariki. Atakuambia kuhusu zahanati isiyo na mtu usiku, barabara, nauli, mtoto aliyezaliwa hajatimia. Hiyo ndiyo sehemu ya utafiti ambayo kompyuta haiitoi, na utafiti unaofuata ungeanzia hapo.

MamaChikongola

Nesi umenifanya nilie kidogo. Mdogo wangu alipoteza mtoto wa siku tatu. Hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje zaidi ya "alikufa lini".

Mdadisi_Mstaafu

Pole sana mama.

Na posho wakuu, tusiikwepe. Mwakilishi anayeacha shamba siku nzima alipwe nauli na muda wake, kiwango kitangazwe hadharani mkutanoni ili kisiwe cha siri. Nimeona timu ya wataalamu inalala hotelini Mtwara mjini na mwanakijiji aliyewaongoza njia siku tano anapewa soda.

MtuWaKitangari

Nimesoma yote. Nimeongea na mtendaji wetu, ameniambia hana kizuizi: ajenda ipelekwe kwake kwa maandishi kabla halmashauri ya kijiji haijakaa, ili iingie mkutano mkuu unaofuata. Nimeandika mambo manne. Timu yoyote ya utafiti ikileta barua, kijiji kiione rasimu ya dodoso. Kila kitongoji kichague mwanamke na mwanamume wa kulipitia. Timu iseme kwa maandishi itarudi lini na majibu, na jina la anayewajibika libaki ofisini kwa mtendaji. Vikao vya akina mama viwe kando, kama alivyosema Afisa. Hili la nne nimeliongeza baada ya swali la MamaChikongola, sikuwa nalo mwanzo wa uzi.

Afisa na NesiWaZamu, nawaomba mnisaidie lugha ya hilo la kuona rasimu, lisije likasomeka kama tunazuia utafiti. Aliye Nachingwea, Liwale au Kilwa ambaye kijiji chao kina utaratibu wa namna hii tayari, aweke hapa walivyouandika.

AfisaUstawi_Kusini

Andika "kijiji kitatoa maoni ndani ya siku 14", usiandike "kijiji kitaidhinisha". Kuidhinisha kuna mamlaka yake na watakurudishia barua. Nyingine nitakutumia kesho nikitoka kazini.